Akili ya Mtandao: Ikae Dukani au Winguni?

Najua wengi wenu hulifungua jarida hili kwenye kurasa za mashairi na vitendawili, kisha mkarudi kusoma makala iwapo kengele ya chakula haijalia. Leo naomba mnianze mimi. Swali langu halina vina wala mizani, lakini lina pesa ndani yake, nalo linawahusu wenye maduka, zahanati, vyama vya akiba na hata shule kuanzia Kericho hadi Bomet. Je, mtandao wa kompyuta wa biashara usimamiwe na fundi aliye karibu, au usimamiwe kutoka winguni?

Hilo neno "wingu" lisikubabaishe. Sisi wa nchi ya chai mawingu tunayajua vyema, maana alasiri nyingi hutushukia hadi kwenye majani. Wingu la mafundi wa kompyuta ni jambo jingine kabisa. Ni majumba makubwa yaliyojaa tarakilishi zisizozimwa usiku wala mchana, aghalabu ng'ambo, na mtu hukodi nafasi humo badala ya kununua mitambo yake mwenyewe. Lina paa, lina mlango, lina askari wa zamu, na mwisho wa mwezi lina bili ya stima kama nyumba nyingine yoyote. Ukilikumbuka hilo hutatishwa na muuzaji yeyote.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, na kila likizo huwa nyuma ya kaunta ya shangazi yangu pale Litein. Ana maduka matano ya mbolea, mbegu na dawa za mifugo: Kericho mjini, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet. Katika kila duka pana vifaa vitatu vya mtandao. Kuna ruta, ambayo ni lango la kutokea kwenda kwenye intaneti. Kuna swichi (si ile ya taa), ambayo hugawa nyaya kwa kompyuta na mashine ya risiti. Kuna na antena ya Wi-Fi iliyopigwa misumari darini. Tatu mara tano ni kumi na tano. Vyote hivyo vilitegwa na kijana mmoja aliyesoma papa hapa shuleni kwetu miaka kadhaa iliyopita. Nywila zote za vifaa hivyo zimo katika daftari lake jeusi. Sasa kijana huyo amepata kazi Qatar.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Fundi akiondoka, na radi ikapiga Bomet, nani ataitwa?

Wageni huimba uzuri wa milima yetu lakini hawakai kuisikia ngurumo. Nchi ya Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe na radi, na radi ikipita kwenye waya wa simu au wa stima huingia hadi kwenye ruta na kuiacha ikinuka mpira uliochomeka. Likizo iliyopita nilishuhudia kifaa kimoja cha Sotik kikiaga dunia namna hiyo. Fundi alitoka Kericho asubuhi na mapema, akafika akiwa amelowa chapachapa, akafungua kipakatalishi chake, na kwa muda wa saa tatu akawa anaandika upya amri zote moja baada ya nyingine akitazama daftari. Wateja walikuwa wamejipanga hadi barazani. Shangazi hakusema neno, lakini niliona akihesabu kwa vidole.

Nitaeleza sasa tofauti ya njia hizi mbili, na mfano wangu nitautoa kwenye kituo cha kununulia chai, maana hakuna mmoja wenu asiyekijua. Kituoni huwa na karani na mizani. Kazi yake ni kupima majani mabichi, kukataa yaliyokomaa kupita kiasi, na kumpa mkulima risiti. Sheria zake ameletewa kutoka kiwandani: kubali majani mawili na chipukizi, kataa mengine. Sasa fikiria makarani wa aina mbili. Wa kwanza sheria zake zimeandikwa ubaoni pale pale kituoni, na ukitaka kuzibadilisha ni lazima mtu apande pikipiki aende akafute ubao. Huyo ndiye kifaa cha zamani. Wa pili kila asubuhi huuliza kiwandani, "Leo tunapokeaje?" naye huambiwa. Kiwanda kikitaka kubadilisha sheria katika vituo hamsini, kinasema mara moja na wote wanasikia. Huyo ndiye kifaa cha winguni.

Tafadhali shika jambo hili kwa makini, kwani watu wengi hulikosea, hata wenye suti. Majani ya chai hayapelekwi kwa anayetoa sheria ndipo yapimwe. Yanapimwa pale pale kituoni. Vivyo hivyo, hesabu za duka la shangazi hazipandi winguni ndipo zirudi kwenye mashine ya risiti iliyo hatua mbili tu. Kinachopanda ni taarifa: kifaa fulani kiko hai, watu kadhaa wameunganishwa, waya wa tatu umekatika. Kinachoshuka ni amri. Biashara yenyewe hupita njia yake ya kawaida.

Basi barabara ikikatika kwa matope, yule karani wa pili hufanya nini? Huendelea kupima kwa sheria za jana. Hawezi kupata mpya, ila kazi haisimami. Hayo ndiyo aliyotuambia muuzaji mmoja aliyekuja kutoka Nairobi na kifaa cha majaribio ndani ya boksi jeupe, na shangazi, ambaye hakuzaliwa jana, akamwambia, "Kijana wangu, maneno mazuri. Hebu chomoa huo waya wa intaneti tuone."

Akauchomoa. Tulikaa saa nzima. Mauzo yaliendelea, mashine ya risiti ilichapa, kompyuta ya stoo ilizungumza na ya kaunta bila matata. Simu zilizounganishwa kwa nywila ya kawaida zilibaki kwenye Wi-Fi, ingawa intaneti yenyewe haikuwepo. Kitu kimoja kilikufa: ule ukurasa wa kukaribisha wageni, ambapo mteja huandika nambari yake ya simu ndipo apate Wi-Fi ya bure. Ukurasa huo hukaa winguni, kwa hiyo wingu lisipofikika mlango wa wageni haufunguki. Kwa duka la mbolea hiyo si hasara kubwa. Kwa hoteli pale Kericho mjini ingekuwa aibu.

Lakini tukumbuke kwamba siku hizi duka lenyewe linategemea intaneti hata kama vifaa vyake ni vya kizamani. Malipo ya M-Pesa yanahitaji mawasiliano. Ankara za eTIMS za KRA nazo vilevile, na tangu Januari 2024 mnunuzi asiye na ankara hiyo kwa kawaida hakubaliwi gharama yake katika hesabu za kodi, kwa hiyo shule na vyama vinavyonunua mbolea kwa wingi havitaki kusikia hadithi nyingine. Intaneti ikipotea, wa winguni na wa ubaoni wote wanalia pamoja. Stima ikipotea, vivyo hivyo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilizimika karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza, na hakuna ruta ya aina yoyote iliyojivunia ujanja wake usiku ule. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na majirani zetu ikawa inatambaa kama konokono. Nayasema haya kwa sababu nimesikia watu wakilaumu wingu kwa makosa ya waya, na wengine wakinunua wingu wakidhani limewaponya na shida ya waya. Dawa ya waya ni waya wa pili, unaopita njia nyingine: faiba pamoja na laini ya simu, au setilaiti kama Starlink, iliyoanza kuuza huduma Kenya mwezi wa Julai 2023. Hiyo ni bajeti yake peke yake.

Faida ya wingu ni ipi basi? Ni ile asubuhi ya Sotik. Kifaa kipya kinapochomekwa kwenye stima na waya wa intaneti, chenyewe huita nyumbani, hujitambulisha kwa nambari iliyochapwa mgongoni mwake, na hupewa amri zote za duka lile. Hakuna kipakatalishi, hakuna daftari. Shangazi angeweza kukipa dereva wa matatu kifurushi kule Kericho, na msichana wa kaunta akakipokea Sotik na kukichomeka. Kwa mtu mwenye maduka matano na fundi anayeaga, jambo hili si porojo. Isitoshe, mtu aliyekaa Kericho anaweza kuona kwamba antena ya Kapkatet imezimika kabla ya Kapkatet kupiga simu.

Wazo hili lina historia fupi. Mwaka 2006 vijana kadhaa, wakiwemo Sanjit Biswas na John Bicket, waliotoka katika utafiti wa chuo cha MIT kule Marekani wa kutandaza Wi-Fi kupitia antena za juu ya paa, walianzisha kampuni iitwayo Meraki. Vifaa vyao havikuhitaji kompyuta ya kuvisimamia pale vilipo. Msimamizi alifungua ukurasa wa tovuti tu. Mnamo Novemba 2012 kampuni kubwa ya Cisco ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.2. Bei ile iliwaamsha washindani, na leo karibu kila mtengenezaji ana vifaa vyake vya winguni.

Cisco hakutoa fedha hizo kwa ajili ya maboksi meupe. Alizitoa kwa ajili ya leseni. Na hapa ndipo fundi wetu, aliyekuwa amesimama kimya karibu na magunia, alipofungua kinywa. "Mama," akamwambia shangazi, "ukinunua hiki hujanunua. Umekodi."

Muuzaji alicheka kidogo, lakini hakukanusha. Katika mpango wa leseni wa Meraki uliozoeleka kwa miaka mingi, vifaa vyote vya kampuni moja huwa na tarehe moja ya kuisha. Tarehe ikipita bila malipo, unapewa siku thelathini. Zikiisha, vifaa huacha kupitisha mawasiliano. Si kwamba vinapoteza ukurasa wa usimamizi tu, la: vinasimama kabisa. Vile vile ukiongeza kifaa kimoja kuliko leseni ulizo nazo, saa ya siku thelathini inaanza kwa kampuni nzima. Nirudi kituoni: hapa kiwanda hakinyimi karani sheria mpya tu, kinatuma lori kuja kuchukua mizani.

Fikiria, msomaji, tarehe hiyo iangukie Oktoba. Sote tunajua Oktoba ni nini huku kwetu. Mkulima mdogo amelipwa bonasi ya chai, ada ya shule inakumbukwa, mabati yananunuliwa, na mbolea pia. Duka la pembejeo likifungwa wiki moja ya Oktoba ni afadhali lifungwe mwezi mzima wa Machi. Shangazi aliuliza swali hilo kabla mimi sijalifikiria: "Nikichelewa kulipa kwa sababu nangoja wateja walipwe bonasi, mtanizimia?" Muuzaji akasema, "Madamu, tutakukumbusha mapema." Jibu zuri, lakini si jibu la swali lililoulizwa.

Tufanye hesabu kidogo. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, usiende nazo dukani. Tuseme kifaa cha kawaida ni shilingi 20,000 na hakina ada. Cha winguni tuseme nacho ni 20,000, na ada yake ni 6,000 kwa mwaka. Kwa vifaa kumi na vitano, cha kwanza kitakugharimu 300,000 na basi. Cha pili ni 300,000, kisha 90,000 kila mwaka. Kwa miaka mitano jumla ni 750,000. Tuseme safari moja ya fundi, nauli na ujira wa siku, ni 3,000. Ile 90,000 ya mwaka ni safari thelathini. Je, fundi alisafiri mara thelathini mwaka uliopita? Tulifungua daftari jeusi tukahesabu. Kumi na moja.

Hapo muuzaji alikuwa karibu kufunga mkoba wake. Lakini haki iko pande mbili, na mimi nilimtetea kidogo. Safari ya fundi si nauli pekee. Kuna saa ambazo duka lilikaa bila kuuza. Kuna na ukweli kwamba hesabu ile ya safari kumi na moja ilikuwa ya fundi anayejua kila msumari wa maduka yale. Fundi mgeni atasafiri mara ngapi? Tena atakuja na kipakatalishi, afungue ruta, akute nywila hazijulikani, abonyeze kile kitufe cha kufuta kila kitu aanze upya. Ujuzi uliomo kichwani mwa mtu mmoja ni mali ambayo haionekani katika hesabu hadi siku inapopanda ndege.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawaliulizi, nalo ndilo lenye kuumiza watu wengi: akaunti ni ya nani? Kifaa cha winguni hufungamanishwa na akaunti kwa ile nambari ya mgongoni. Aliyefungua akaunti ndiye mwenye ufunguo. Ikiwa fundi aliifungua kwa barua pepe yake, au muuzaji "alikusaidia" akaifungua kwa jina la kampuni yake, siku mkikosana utabaki na maboksi yanayomtii mtu mwingine, na hutaweza kuyaandikisha upya mpaka yeye ayaachilie. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akikuuzia Meraki ya mtumba kwa bei ya kutupa, uliza kwanza kama imeachiliwa na mwenyewe wa zamani na kama una pesa za leseni. Vinginevyo umenunua kizuizi cha mlango.

Na wingu lenyewe, je, halikosei? Hukosea. Tarehe 3 Agosti 2017 wahandisi wa Meraki waliweka kanuni yenye kosa katika ghala lao la data la Marekani Kaskazini, na baadhi ya vitu ambavyo wateja walikuwa wamepakia vikafutika: ramani za majengo, nembo za kurasa za wageni, hata sauti za salamu za simu za ofisi. Amri za mtandao zenyewe hazikuguswa, na mitandao haikusimama, lakini kuna watu waliokaa wakichora upya ramani za majengo yao. Mnamo Desemba 2023 wateja wa Ubiquiti waligutuka kuona kamera za watu wasiowajua katika simu zao. Kampuni ilieleza kwamba akaunti 1,216 zilikuwa zimeunganishwa kimakosa na akaunti nyingine 1,177. Tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu katika mitambo ya Amazon iliyoko Virginia iliangusha huduma nyingi duniani kwa saa kadhaa. Fundi akikosea Sotik, Sotik inalia. Wingu likikosea, Sotik inalia pamoja na Chicago, na simu yako haitakuwa ya kwanza kupokelewa.

Wengine huamini kwamba biashara zote kubwa zinakimbilia ng'ambo na hazirudi. M-Pesa inatuonyesha kinyume. Ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi mitambo yake mikuu ilikaa Ujerumani. Mama wa Kapkatet akimtumia mwanawe wa Litein shilingi mia mbili, ujumbe ulipitia Ulaya. Mwaka 2015 mitambo hiyo ilihamishiwa Kenya, ili huduma iwe ya haraka na ya kutegemeka zaidi. Akili inaweza kupelekwa mbali, na ikionekana inafaa, ikarudishwa karibu.

Kuhusu siri za wateja nitasema machache. Ukurasa ule wa wageni hukusanya nambari za simu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye duka ajue anakusanya nini, kwa nini, na kama inapelekwa nje ya nchi inalindwaje. Shangazi alisikiliza, akauliza kama Wi-Fi ya bure imewahi kumuuzia hata mfuko mmoja wa mbolea. Hakuna aliyejibu. Ukurasa ukafutwa siku hiyo hiyo, na shida mbili zikaondoka kwa pamoja.

Ipo njia ya tatu, nayo fundi ndiye aliyeileta mezani. Wapo watengenezaji, kama Ubiquiti kwa vifaa vyake vya UniFi na TP-Link kwa vile vya Omada, ambao hukuruhusu kuweka akili ya mtandao katika kisanduku chako mwenyewe, chenye ukubwa wa kitabu cha Biblia ndogo, ukakifungia ofisini. Kisanduku kinasimamia maduka yote, na ukitaka unaweza kukitazama ukiwa mbali kupitia wingu. Hakuna leseni ya kila mwaka ya lazima. Kisanduku kikizimika, antena na swichi huendelea na amri za mwisho. Na kifaa kikiungua, kipya hupewa amri zake kutoka kwenye kisanduku, ingawa pale mwanzoni panahitaji mtu mwenye kujua kidogo zaidi ya kuchomeka.

Ubaya wake? Kisanduku ni chako, basi na mzigo ni wako. Lazima mtu akisasishe programu yake, maana wadukuzi hawalali. Lazima mtu atunze nakala ya amri mahali pengine, kwani radi haichagui, na ikipiga ofisi ya Kericho itachukua akili ya maduka matano kwa mkupuo mmoja. Katika wingu la kukodi kazi hizo hufanywa na wengine, na kusema kweli, huzifanya vizuri kuliko sisi. Ndizo unazolipia.

Shangazi alilala na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne alitutengea chai, fundi na mimi, akatuambia alivyoamua. Amechukua njia ya tatu. Kisanduku kitakaa Kericho, kwenye betri ya akiba, mbali na ukuta wenye waya wa simu. Akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya biashara, na nywila yake ya umiliki imeandikwa kwenye karatasi iliyotiwa ndani ya bahasha, ikafungiwa katika sefu pamoja na hati za shamba. Fundi amepewa ruhusa ya kuangalia na kurekebisha akiwa Qatar, kwa ujira mdogo wa mwezi, lakini ruhusa hiyo inaweza kuondolewa na shangazi kwa kubonyeza mara moja, naye fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha jinsi ya kuiondoa. Nilimheshimu sana kwa hilo. Msichana wa kaunta ya Kericho, aliyesomea tarakilishi katika chuo cha ufundi, atakuwa akihifadhi nakala kila mwisho wa mwezi kwenye kifaa kinachobaki Litein. Ruta mbili za akiba na antena mbili zimo stoo, zimeandikwa majina ya maduka kwa kalamu nene.

Mimi binafsi singeamua hivyo kila mahali. Kwa shangazi, mwenye mtu wa kutunza kisanduku na mwenye Oktoba ya kuogopa, nakubaliana naye. Lakini ukiniuliza kuhusu chumba cha tarakilishi cha shule yetu, ambapo mwalimu mmoja anafundisha Hisabati, anasimamia bweni, na bado anaitwa kila Wi-Fi ikigoma, ningesema wakodi wingu, walipe miaka mitatu kwa mara moja, na tarehe ya kuisha iwe katikati ya muhula wa kwanza karo zikiwa zimeingia. Saa za mwalimu yule pia zina bei, ingawa hakuna anayeziandika katika daftari.

Yule muuzaji hakuondoka mikono mitupu. Duka la Kapkatet halijafikiwa na faiba, na laini ya simu pale husuasua kila mvua ikinyesha, kwa hiyo shangazi alimwagiza dishi la setilaiti na ruta inayobadilisha njia yenyewe, ya kununua, isiyo na leseni. Wamekubaliana kulijaribu mwezi wa Aprili, mvua ndefu zikiwa zimeshika, na malipo ya mwisho yatatolewa baada ya wiki mbili za mvua hizo.